Pumzi ya Jirani na Daftari la Serikali

Kila nchi ina njia mbili za kumwinua mtu aliyeanguka. Njia ya kwanza hutoka mlangoni mwa jirani, nayo haina karatasi. Njia ya pili hutoka katika ofisi ya serikali, nayo haiendi hatua moja bila ya karatasi. Wengi hudhani kuwa ya kwanza ni ya kale na ya pili ni ya kisasa, na kwamba taifa linapoendelea huihama ile na kuingia katika hii, kama mtu ahamavyo banda na kuingia katika nyumba ya mawe. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki yaonekana vizuri katika wilaya ya Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, ambako njia hizo mbili zimekutana, zimeshindana na zimeazimana macho kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja.

Tukuyu, makao makuu ya wilaya hiyo, ni mji mdogo uliokaa juu ya vilima upande wa kusini wa mlima Rungwe, kando ya barabara itokayo Mbeya kwenda Kyela. Mvua ya huko ni miongoni mwa mvua nyingi kabisa nchini. Migomba huzizunguka nyumba. Chai hufunika vilima vya Katumba na Mwakaleli. Kahawa, mahindi, viazi na maparachichi hujaza nafasi iliyobaki. Mgeni apitaye ndani ya gari huona kijani mkono wa kuume na kijani mkono wa kushoto, akasema moyoni kuwa katika nchi kama hii hapana maskini. Nchi ya kijani humdanganya mpita njia. Mgomba huzaa, lakini haukati mkungu wake wala haubebi mpaka sokoni. Chai haichumwi kwa macho. Umaskini wa Rungwe aghalabu hautokani na uchache wa mvua. Hutokana na uchache wa mikono na wembamba wa ardhi. Ni umaskini wa mzee ambaye mikono yake imechoka, wa mjane ambaye shamba limegawanywa mara nyingi mpaka likabaki ukanda, na wa mtoto ambaye mikono iliyopaswa kumlisha imekwisha kuzikwa. Umaskini wa namna hiyo hausimami njiani. Hukaa nyuma ya migomba, na asiyekwenda kuutafuta hauoni.

Zamani ilikuwapo desturi ya kuutafuta. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti wao miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta jambo ambalo wasomi wa nchi nyingi walilistaajabia, na Monica Wilson akalieleza katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Wanyakyusa hawakupanga vijiji vyao kwa ukoo. Walivipanga kwa rika. Wavulana walipofika umri wa miaka kumi hivi walitoka nyumbani kwa baba zao wakajenga vibanda vyao pembeni, na vibanda hivyo vikawa kijiji. Walikwenda kula kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipooa, wake zao waliletwa katika kijiji hicho hicho. Na mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe kubwa ambayo wazee waliwakabidhi vijana utawala na ardhi. Neno moja lilibeba maadili ya maisha hayo: ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzio, kuzungumza nao na kula nao. Katika utaratibu huo chakula hakikuwa mali ya mwenye chungu peke yake. Mtoto aliyekula kwa mama wa mwenzake tangu utotoni hakuhitaji kufundishwa ukubwani kuwa njaa ya jirani ni jambo linalomhusu.

Walakini si wema peke yake uliowafanya watu wagawane. Ilikuwapo pia hofu. Mtu aliyechinja akala peke yake, au aliyewadharau wazazi wake, au aliyewanyima majirani haki yao, alisemwa. Na ilisadikiwa kuwa manung'uniko ya majirani hao yalikuwa na nguvu ya kumletea ubaridi wa mwili na maradhi. Nguvu hiyo ilijulikana kuwa ni pumzi ya watu. Msomaji wa leo ana ruhusa ya kutosadiki kuwa pumzi yaweza kumwuguza mtu, lakini akicheka upesi atapitwa na maana. Pumzi ya watu ilikuwa mahakama ya mnyonge. Aliyenyimwa hakuwa na askari wala wakili, ila alikuwa na sauti, na sauti yake ilihofiwa. Kutoa ni moyo, waliambizana watu wa pwani; lakini pale ambapo moyo haukutoa, Mnyakyusa alijua kuwa kuna jambo jingine litakalomkumbusha. Msaada usio na kikumbusho nyuma yake hubaki kuwa hisani, na hisani hutegemea mwenye nacho ameamkaje siku ile.

Hata hivyo itakuwa ni kujidanganya kuyapamba maisha ya kale kupita kiasi. Msaada wa jirani ulikuwa na mipaka mitatu. Mpaka wa kwanza ni kuwa ulimtambua mtu kwa sababu alikuwa ni wa watu fulani. Asiye na ukoo wala rika hakuwa na mlango wa kubisha. Ndiyo sababu miongoni mwa watu wa kwanza waliokaa katika vituo vya misheni vya nchi hizo walikuwamo watumwa waliokombolewa na wanawake waliopotewa na jamaa zao. Mpaka wa pili ni kuwa msaada huo ulikuwa na bei, na bei hiyo aliilipa zaidi mwanamke. Mjane alitunzwa, lakini alitunzwa kwa kurithiwa na ndugu wa marehemu mumewe; mlo na mume mpya vililetwa katika sahani moja. Mpaka wa tatu ulikuwa mkubwa kuliko yote. Jirani huweza msiba unaomfika mtu mmoja. Nyumba moja ikiungua, nyumba kumi huijenga upya. Nyumba zote zikiungua usiku mmoja, hapana tena jirani. Wamebaki watu waliokaa karibu karibu juu ya majivu. Kwa ajili ya misiba ya namna hiyo watu huhitaji kitu kikubwa kuliko kijiji, na kitu hicho ndicho kiitwacho serikali.

Lakini serikali ilipofika Rungwe haikuja kwa ajili hiyo. Yafaa miaka michache iwekwe pamoja ili jambo hili lionekane. Ujerumani, chini ya Bismarck, ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883, sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, na sheria ya bima ya uzee na ulemavu mwaka 1889. Ilikuwa dola ya kwanza duniani kujenga utaratibu wa namna hiyo kwa taifa zima. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian kutoka Ujerumani walianzisha kituo chao Rungwe. Mwaka 1897 serikali ya Wajerumani katika Afrika Mashariki ilitangaza kodi ya nyumba; na katika miaka iliyofuata boma la wilaya likawekwa Tukuyu, mahali ambapo Wajerumani walipaita Neu Langenburg. Basi katika muda wa miaka 8 tu, dola moja ilimwandika mfanyakazi wa kwao katika daftari ili impe akizeeka, na ikamwandika mzee wa ng'ambo katika daftari ili imtoze angali hai. Daftari lilikuwa la namna moja; kilichogeuka ni upande wa mkono. Si ajabu, kwa hiyo, ikiwa katika nchi iliyofunzwa hivyo mtu aonapo karani na kalamu huuliza kwanza atatakiwa atoe nini.

Waingereza walioshika nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliweka utawala wa wenyeji chini ya sheria ya mwaka 1926, pamoja na hazina za wenyeji zilizotengewa sehemu ya kodi kwa ajili ya kazi za nyumbani kama vile njia, zahanati na shule. Kuhusu mzee, yatima na kilema, ilichukuliwa kuwa Mwafrika ana ukoo, na ukoo watosha. Dhana hiyo ilikuwa nafuu kwa hazina. Wakati huo huo kodi ilikuwa ikiwatoa wanaume nyumbani. Katika miaka ya 1930 watu wengi wa Rungwe walikwenda kuchimba dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Baadaye wengine walifika katika migodi ya shaba ya nchi ambayo sasa ni Zambia, na katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Mshahara wao ulipimwa kama mshahara wa mtu asiye na mke, asiyeugua na asiyezeeka. Mgodi ulitumia ujana wa mtu, na shamba la ndizi la mama yake na mkewe likamlea kabla ya ujana huo na likamngojea baada yake. Msomaji akipenda kujua ni nani aliyelipa malipo ya uzeeni ya mchimba dhahabu, jibu ni kwamba aliyelipa ni mwanamke wa Rungwe, kwa jembe.

Na ukoo na rika vilivyotegemewa hivyo vilikuwa vikilegea. Kahawa na migomba ni mimea ya kudumu, na mtu aliyepanda mmea wa kudumu hapendi kuhama na rika lake. Watu waliongezeka, ardhi haikuongezeka. Kufikia miaka ya 1950 vijiji vya rika vilikuwa vinakwisha, na kila mtu alianza kuishika sehemu yake na kuwaachia wanawe. Ilikuwa kana kwamba serikali imemwegemeza mgonjwa kwenye ukuta ambao yenyewe inauchimba msingi.

Mawazo ya ulimwengu yalikuwa yakibadilika pia. Huko Uingereza, mnamo Novemba 1942, William Beveridge alitoa taarifa yake iliyotaja majitu matano ya kupigwa vita: uhitaji, maradhi, ujinga, makazi machafu na kukaa bila kazi. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Julius Nyerere aliwatangazia wananchi maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Majina yafanana, lakini hali hazikufanana. Uingereza ilikuwa na wafanyakazi wengi wa mshahara ambao michango yao ingeweza kukatwa kila juma. Tanganyika ilikuwa nchi ya wakulima.

Hapa yafaa kueleza kuwa serikali yoyote ina njia tatu za kupanga msaada wake. Njia ya kwanza ni bima: anayefanya kazi huchangia, na anayechangia hulipwa. Njia ya pili ni huduma ya wote: shule, zahanati au posho hutolewa kwa kila mtu bila ya kuulizwa ana nini. Njia ya tatu ni msaada wa kuchagua: serikali humtafuta aliye maskini na kumpa yeye peke yake. Kila moja ina uzuri wake na kila moja ina dosari, na Tanzania imezijaribu zote.

Bima ilianza na sheria ya Mfuko wa Akiba wa mwaka 1964, ambao ulifuatwa na NSSF chini ya sheria ya mwaka 1997. Na mwaka 2018 mifuko minne ya watumishi iliunganishwa kuwa PSSSF. Mifuko hiyo imewafaa walimu, makarani na wafanyakazi wa viwanda. Lakini mkulima anayepeleka majani mabichi ya chai kiwandani Katumba hana mwajiri wa kumchangia. Anafanya kazi miaka arobaini, anazeeka, na katika hesabu ya bima ni kama hakufanya kazi hata siku moja. Huo ndio udhaifu wa bima katika nchi ya jembe: humlinda yule aliyekwisha kupata nafuu.

Huduma ya wote ilipata nguvu baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Zahanati zilienezwa vijijini, matibabu yalitolewa bure, ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 1973, na elimu ya msingi kwa wote ikatekelezwa tangu 1977. Uzuri wa njia hii ni kuwa haimwaibishi mtu. Mtoto wa fukara na mtoto wa mwenye duka waliingia darasani kwa mlango mmoja, na hapana aliyemwuliza fukara athibitishe ufukara wake. Dosari yake ni kuwa inataka hazina yenye pumzi ndefu, na hazina ya Tanzania ilipungukiwa pumzi. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin viligharimu mali nyingi, na miaka ya 1980 ilikuwa miaka ya maduka matupu. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za serikali. Ilielezwa kuwa asiye na uwezo atasamehewa. Lakini neno hilo lilirudisha swali ambalo huduma ya wote ilikuwa imelizika: ni nani asiye na uwezo, na atalisema jambo hilo mbele ya nani?

Swali hilo lilirudi katika saa mbaya kabisa. Ukimwi ulikuwa umekwisha kuingia, na njia kuu za Mbeya, zinazounganisha bandari ya Dar es Salaam na Zambia na Malawi, zilikuwa miongoni mwa mapito yake. Uchunguzi wa kitaifa wa 2003 na 2004 ulionyesha kuwa katika mkoa wa Mbeya, ambao Rungwe imo ndani yake, watu 13.5 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi, kiwango kilichozidi vya mikoa mingine yote wakati ule. Huu ndio ule mpaka wa tatu. Nyumba ziliungua usiku mmoja. Jirani aliyezika jana alizikwa leo. Waliokufa ni wale wenye mikono. Waliobaki ni bibi na wajukuu. Mwanamke aliyekuwa amemtunza mchimba dhahabu, na aliyetazamia kutunzwa na mwanawe, alirudi kuchota maji na kupika uji akiwa na miaka 70. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, ndivyo wahenga walivyosema. Na hapa hata mzaliwa alikuwa ametangulia.

Katika hali hiyo serikali ilishika njia ya tatu. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ujulikanao kwa kifupi TASAF, ulianzishwa mwaka 2000 na kwanza ulijishughulisha zaidi na majengo na miradi ya vijiji. Agosti 2012 ulizinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao hutoa fedha mkononi. Utaratibu wa kuchagua ulipangwa hivi: mkutano wa kijiji hutaja kaya zilizo maskini kabisa; watumishi huzifikia kaya hizo na kujaza fomu juu ya nyumba, paa, vyombo, elimu na idadi ya watu; fomu hupelekwa mbali kupigiwa hesabu; kisha majina yaliyopita hurudishwa mbele ya mkutano. Msomaji amfikirie bibi mmoja mwenye wajukuu wawili walio katika shule ya msingi. Kwa viwango vilivyotumika katika kipindi cha kwanza cha mpango huo, kaya yake ilihesabiwa shilingi 10,000 kwa mwezi, shilingi 4,000 kwa kuwa na watoto, na shilingi 2,000 kwa kila mwanafunzi: jumla shilingi 18,000, zilizolipwa kila baada ya miezi miwili, kwa sharti la watoto kuhudhuria shule. Mwenye shibe ataziona fedha hizo kuwa ni kidogo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwa bibi huyo ni sabuni, ni daftari, ni kuku wawili ambao baadaye huwa kumi. Na zaidi ya hayo ni tarehe. Kabla ya hapo maisha yake hayakuwa na tarehe ambayo kitu kingekuja.

Tena ajabu moja yataka kutazamwa. Serikali, pamoja na mashine zake za hesabu, haina macho ya kuona nyuma ya migomba. Ilibidi iazime macho ya jirani. Mkutano wa kijiji ulioulizwa ni nani maskini ni mtoto wa kile kijiji cha kale ambacho kila mtu alijua nani amelala njaa. Lakini macho ya jirani huja pamoja na moyo wa jirani, na moyo una upendo na una chuki. Mtu mkimya husahauliwa. Bibi anayesemwa kuwa ni mchawi hatajwi. Kilema aliyefichwa ndani hajulikani. Kwa upande mwingine, hesabu ipigwayo mbali haijui kuwa paa la bati lilijengwa na mtoto ambaye sasa yumo kaburini, wala kuwa ng'ombe aliyeonekana uani ni wa kutunziwa. Jirani hukosea kwa sababu anajua mno. Mashine hukosea kwa sababu haijui. Aliyekosewa na wote wawili humwona mwenzake akipokea, na yeye hukaa. Wala kosa hilo si dogo kwa kuwa ni la mtu mmoja, kwani msaada wa kuchagua ukimkosa mtu haumwachi pale alipokuwa: humtangazia mbele ya kijiji kizima kuwa serikali ilimtazama ikaona hastahili.

Wapo wasemao kuwa fedha za bure hulea uvivu, na hutaja methali ya mgeni ambaye siku ya tatu hupewa jembe. Hoja hiyo ina uzito, na mpango wenyewe uliitambua, kwa kuwa uliweka pia kazi za muda kwa kaya zenye watu wenye nguvu: siku 60 kwa mwaka, kwa ujira ambao mwanzoni ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku. Lakini methali hiyo ni ya mgeni mzima wa mwili. Bibi wa miaka 70 alipewa jembe akiwa binti, na hakuliweka chini mpaka lilipomshinda. Anachodai ni ujira uliochelewa. Na mtoto wa miaka minane si mgeni, wala jembe lake halijafika, linaitwa kalamu.

Njia nyingine imejaribiwa si mbali. Tangu Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumpa kila mkaazi aliyefikia umri wa miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi ambacho kimeongezwa baadaye, bila ya kuuliza kama alikuwa na mwajiri wala kama ana paa la bati. Haikuuliza ila umri. Njia hiyo hugharimu zaidi, kwa kuwa humpa hata asiyehitaji, lakini hapana mzee anayesimama mbele ya wenzake kusema, "Mimi ni fukara kuliko ninyi." Bara, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na zaidi, na ikaahidi matibabu ya bure kwa wazee wasio na uwezo. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo nayo inalazimika kumtambua asiyejiweza ili alipiwe. Kila ahadi ya namna hiyo hurudi katika swali lile lile la cheti. Bibi aliyeko mbali huteremka na kupanda vilima katika mvua mpaka Tukuyu, au mpaka Lwangwa ikiwa yuko upande wa halmashauri ya Busokelo, akitafuta karatasi isemayo jambo ambalo miguu yake inalisema kwa kila hatua.

Basi serikali yafaa ipange vipi msaada wake? Haifai kuurudisha kijijini wote, kwa maana kijiji hakina nguvu juu ya msiba wa wote, na wema wake una bei na una wageni wake iliowasahau. Wala haifai kuuchukua wote mjini, kwa maana mji hauoni nyuma ya migomba. Kilichopungua si fedha peke yake, ingawa fedha ni chache na sehemu kubwa yake katika mpango huu imetoka kwa wahisani na kwa mikopo ya Benki ya Dunia, jambo linaloifanya haki ya bibi itegemee maafikiano ya watu asiowajua. Kilichopungua zaidi ni pumzi. Utaratibu wa kale ulimpa aliyenyimwa nguvu ya kuwatia hofu walionyima. Daftari la serikali lazima liwe na kitu cha namna hiyo, au litabaki kuwa hisani iliyopigwa muhuri.

Pumzi ya daftari ni mambo manne yaliyo wazi. Kanuni ya kuchagua ibandikwe mahali ambapo kila mtu ataisoma, na asiyejua kusoma asomewe. Aliyeachwa aelezwe kwa maneno ni kwa nini ameachwa. Kuwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, aliye karibu, anayelazimika kwa sheria kulipokea lalamiko na kulijibu katika muda uliowekwa. Na mtu huyo asiwe yule aliyeandika orodha. Na pale ambapo umri peke yake watosha kuwa ushahidi, hapana haja ya kuomba ushahidi mwingine. Mambo hayo hayahitaji mashine. Yahitaji afisa ustawi wa jamii mwenye njia ya kufika vijijini na mamlaka ya kubadili jina moja katika orodha, na yahitaji viongozi wanaoona aibu.

Kwa maana aibu ndiyo iliyokuwa siri ya pumzi ya watu. Katika vijiji vya rika, aliyeona aibu ni mwenye chakula aliyenyima. Katika taratibu nyingi za leo, anayeona aibu ni mwenye njaa anayeomba. Taifa laweza kujua kama limeupanga msaada wake vizuri kwa kutazama jambo hilo moja siku ya malipo: aibu imekaa upande gani wa meza.